Gombe, Nyawera, Birere: mji mzima unapoingia kwa mlango mmoja

Mwisho wa mwezi wa kumi 2024, wakaaji wa Kinshasa waliingizwa katika jaribio ambalo wengi wao hawakuwa wamezoea: barabara zinazobadilisha upande kufuatana na saa. Asubuhi, kwenye barabara kadhaa za magharibi mwa mji, zikiwemo Nguma na Mondjiba, magari yote yalipaswa kwenda upande mmoja tu, upande wa Gombe, kwenye wizara, mabenki na biro kubwa. Mchana mambo yaligeuka, magari yote yakaelekezwa kutoka Gombe kurudi makwao. Mpango ulitoka kwenye Wizara ya Usafiri, wakati huo ikiongozwa na Jean-Pierre Bemba. Haukudumu. Malalamiko yalianza siku za kwanza, na baadaye njia zikarudishwa kama zamani, pande mbili, na msongamano wake juu.

Msomaji wa Bukavu, Goma au Uvira anaweza kusema: hayo ni ya Kinshasa, sisi tuna shida zetu. Lakini jaribio lile linafaa kuangaliwa vizuri hata kwetu. Miji yetu ya Mashariki ina umbo linalofanana na la Kinshasa na inakwama kwa sababu zilezile. Na kila kiongozi mpya wa mji huja na wazo lake la kufunga barabara hii au kufukuza motari kwenye ile.

Nani alipata, nani alipoteza

Tuwe wa haki kwanza. Kuna watu waliofurahia. Mtu mwenye gari lake, anayelala Ngaliema na kufanya kazi Gombe, asubuhi alikuta barabara pana mbele yake, hakuna gari linalokuja uso kwa uso. Alifika mapema. Jioni vivyo hivyo.

Sasa tumwangalie mwanafunzi anayelala Barumbu na kusoma UPN, kule Ngaliema. Yeye asubuhi anaenda upande ambao wengine wanatoka. Au muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku katika hospitali ya mjini na anataka kurudi kulala. Kwao barabara ilikuwa imefungwa, na iliwabaki kuzunguka mbali au kutembea kwa miguu.

Lakini aliyepoteza zaidi, kwa maoni yangu, ni msafiri wa basi, hata yule aliyekuwa anaelekea Gombe kama wengine. Gari la mkubwa linaingia mjini mara moja asubuhi, linaegeshwa siku nzima, linatoka mara moja jioni. Kwa gari hilo, barabara ya upande mmoja ni zawadi. Basi halifanyi hivyo. Basi linaingia, linashusha watu, linarudi haraka kuchukua wengine waliobaki wanasubiri, linaingia tena. Ukilinyima njia ya kurudi, umelipunguzia safari. Dereva anazunguka kilometa nyingi akiwa na basi tupu, anachoma mafuta, na wale waliosimama Kintambo Magasin wanaendelea kusimama. Mpango uliotangazwa kuwa wa kusaidia wote ulihesabu magari na kusahau watu walio ndani yake.

Hesabu si ngumu. Chukua wafanyakazi 60. Wakienda kazini wawili wawili katika magari madogo, ni magari 30. Kila gari, pamoja na nafasi ya kuacha mbele yake, linakula kama mita 7 za barabara. Hiyo ni mita 210. Wafanyakazi hao 60 wanaingia katika basi moja kubwa lenye urefu wa mita 12, na wengine wanaweza kusimama. Barabara ni ileile. Kinachobadilika ni nani tumeamua kumpa nafasi.

Moyo wa mji uko pembeni

Ukiangalia ramani ya Kinshasa utaona jambo ambalo wakaaji wake wamelizoea hadi hawalioni tena. Gombe haiko katikati ya mji. Iko pembeni kabisa, kaskazini, kwenye ukingo wa mto, na ng'ambo ni Brazzaville. Hakuna daraja. Hakuna mtu anayekuja kazini kutoka kaskazini. Wote wanatoka mashariki, kusini na magharibi: Masina, Ndjili, Kimbanseke, Lemba, Mont-Ngafula, Ngaliema. Mji umefanana na nusu ya sahani, na chakula chote kimewekwa kwenye ukingo uliovunjika.

Haikuwa bahati mbaya. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo iliitwa Kalina, na ilikuwa makao ya Wazungu na ya utawala wao. Makazi ya Waafrika yaliwekwa kusini, na kati ya pande hizo mbili kukaachwa eneo la kutenganisha. Mwafrika aliingia asubuhi kufanya kazi na kutoka jioni. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mji ulikuwa na watu wapatao 400 000. Leo makadirio yanazidi milioni 15, na bado asubuhi mwendo ni uleule: kwenda kaskazini kufanya kazi, jioni kurudi kusini kulala.

Mwezi wa nne 2020, wakati wa Covid, serikali iliamua kuifunga Gombe peke yake, tarafa moja kati ya 24 za Kinshasa. Watu wa Masina na Kimbanseke hawakufungiwa nyumbani, lakini maisha yao yalikwama. Mpika chakula cha wafanyakazi, muuza karatasi mbele ya wizara, dereva, mlinzi, muuzaji wa soko kuu: wote walikuwa wakitafutia mkate nyuma ya vizuizi vile. Siku zile zilionyesha wazi kuliko uchunguzi wowote kwamba mji wa mamilioni unakula kutoka sehemu moja ndogo.

Sasa tuje kwetu. Bukavu, ambayo zamani iliitwa Costermansville, ilijengwa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu, kwa ajili ya mji mdogo wa utawala. Biro na maduka makubwa yalikaa Ibanda, upande wa ziwa, na raia wakapanda milima. Goma nayo imebanwa: kusini ni ziwa, mashariki ni mpaka na Gisenyi, kaskazini ni uwanja wa ndege na njia ya moto wa Nyiragongo. Mji umekimbilia hasa magharibi, Ndosho hadi Mugunga, lakini Birere na mabenki vimebaki kulekule mwisho wa mashariki. Hata volkano ya mwaka 2002, iliyofunika sehemu kubwa ya katikati ya mji kwa mawe, haikuhamisha biashara. Watu walijenga upya juu ya mawe.

Miji mitatu, na katika yote mitatu mlango uko upande mmoja. Anayetazamia barabara nyingi zigawane mzigo, kama katika mji ambao katikati yake ni katikati kweli, anajidanganya.

Dereva anayekata njia

Kuna neno moja la Kinshasa ambalo kila msafiri anayetoka Mashariki hujifunza wiki ya kwanza: demi-terrain, yaani nusu ya njia. Basi linapaswa kutoka mahali fulani hadi Gombe kwa bei moja. Dereva anakata njia katikati, tuseme kwenye mzunguko wa Victoire, anashusha wote, anapakia wengine. Wewe unatafuta basi jingine na kulipa tena. Safari moja, bei mara mbili, wakati mwingine mara tatu.

Wakubwa hupenda kusema kwamba ni ukosefu wa nidhamu. Polisi wa barabarani hukamata, faini hutolewa, kesho yake yanaendelea. Ni kwa sababu nidhamu si mzizi wa jambo hili. Madereva wengi hawana magari yao. Kila jioni dereva anampelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa, ile tunayoita versement, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Mwenye gari haulizi kama kulikuwa na msongamano. Barabara ikikwama, safari kumi zinakuwa sita, lakini versement inabaki ileile. Dereva afanye nini? Anakata njia ili safari fupi zilipwe kama ndefu.

Na hapo duara linafungwa. Kila mahali njia inapokatwa, watu mamia wanamwagika barabarani wakitafuta basi jingine, mabasi yanasimama katikati kugombania abiria, na msongamano mpya unazaliwa. Msongamano unaleta demi-terrain, na demi-terrain inaleta msongamano. Kugeuza upande wa barabara hakugusi kamba hiyo hata kidogo.

Kampuni ya serikali Transco, iliyoanza mwaka 2013 na mabasi makubwa, ilikuwa karibu na jibu sahihi, kwa sababu dereva wake analipwa mshahara na hana haja ya kukata njia. Wakinshasa waliipenda haraka. Lakini basi linahitaji vipuri, gereji na mishahara inayofika kwa wakati. Mabasi mengi yalianza kuegeshwa, na mara kadhaa wafanyakazi waligoma wakidai malipo yao. Kununua mabasi na kukata utepe mbele ya kamera ni siku moja. Kuyafanya yatembee mwaka wa nane ni kazi nyingine.

Kufukuza si kupanga

Njia nyingine inayopendwa na viongozi ni kufukuza. Huko Kinshasa, motari, ambazo wenyewe wanaziita wewa, zimekatazwa Gombe zaidi ya mara moja, na kila mara zimerudi. Sababu za kuzikataza zipo: ajali, kelele, kutofuata taa. Lakini yule aliyeshushwa kwenye mpaka wa Gombe bado ana biro ya kufikia.

Majirani wamejaribu pia. Nairobi, tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2018, gavana Mike Sonko aliyazuia matatu yote yasiingie katikati ya mji. Asubuhi hiyo maelfu ya wafanyakazi walitembea kwa miguu, wakiwemo wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu. Katazo halikumaliza siku mbili. Gavana mwenyewe alilisimamisha. Matatu zilikuwa zimeondolewa kabla ya kuweka kitu mahali pake.

Dar es Salaam ilianza upande mwingine. Mwezi wa tano 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na njia yao peke yao ambayo gari jingine haliruhusiwi kuingia. Kivukoni nayo iko ukingoni, baharini, kama Gombe ilivyo mtoni. Aliyekuwa akitumia masaa alianza kutumia dakika. Baadaye shida zilikuja: mabasi machache kuliko watu, foleni ndefu vituoni, na maji ya mvua kule Jangwani. Hata hivyo njia ya basi ipo, na upungufu wa mabasi ni tatizo linalotatulika kwa kuongeza mabasi. Kinshasa bado haijafika hapo. Imejenga madaraja ya kupita juu ya makutano, yale yanayoitwa sauts-de-mouton, yaliyoanzishwa mwaka 2019 na kuwasumbua wakaaji kwa muda mrefu kabla ya kukamilika. Pia mwaka 2024 kazi za barabara za kuzunguka mji zilizinduliwa. Zitasaidia lori linalotoka Matadi na halina haja ya kuingia mjini. Mtu wa Masina anayekwenda kufanya kazi wizarani, barabara ya kuzunguka haimfikishi popote.

Bukavu haiwezi kuiga

Kama mtu angejaribu Bukavu mpango wa upande mmoja asubuhi na upande mwingine jioni, angekwama siku ya kwanza. Mpango ule unahitaji angalau barabara mbili zinazokwenda sambamba. Anayetoka Panzi anapita Essence na Major Vangu kabla ya kufika Nyawera. Barabara ya pili iko wapi? Njia za pembeni ni nyembamba, zinapanda mlima, na nyumba zimejengwa hadi juu yake. Mvua ikinyesha, hata motari inasita.

Kwa hiyo Bukavu inapaswa kufanya kazi na barabara hiyohiyo moja, na ndipo mambo madogo yanapokuwa makubwa. Lori moja linaloshusha simenti saa mbili ya asubuhi kwenye avenue Patrice-Emery Lumumba linaweza kuzuia nusu ya mji. Kushusha mizigo kungeweza kupangwa kabla ya alfajiri, palipo na usalama wa kutosha. Mabasi na motari zinazopakia abiria katikati ya njia zingehitaji parkingi zilizotengwa kweli, mita chache ndani, si ubao tu wenye maandishi. Na tusimsahau anayetembea. Watu wengi wa Kadutu wanashuka mjini kwa miguu kila siku na kupanda jioni na mizigo kichwani. Njia yao ya pembeni imejaa vibanda, kwa hiyo wanatembea barabarani, na gari linaenda kwa mwendo wao. Kuwafukuza wauzaji kwa nguvu tumekuona mara nyingi. Wanarudi saa kumi jioni, kwa sababu hapo ndipo wateja wanapita. Anayetaka wahame awape nafasi palepale ambapo wateja wanashukia.

Saa, na giza

Jambo ambalo halihitaji hata tofali moja ni saa ya kuanza kazi. Shule, biro za serikali, mabenki na soko vyote vinawaita watu kati ya saa moja na saa mbili na nusu ya asubuhi. Rwanda ilibadilisha ratiba yake tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2023: masomo yanaanza saa mbili na nusu, kazi saa tatu. Sababu iliyotolewa ilikuwa hasa maisha ya familia na ubora wa kazi, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto na mzazi hawapaswi kufika mahali pawili kwa dakika moja.

Kwetu kuna kizuizi ambacho wataalamu wa kutoka mbali huwa hawakihesabu: giza. Goma na Bukavu jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, na mtu mwenye akili hataki kukutwa njiani baada ya hapo. Goma imepitia vipindi ambavyo motari zilikatazwa kutembea usiku. Ukiweka katazo la namna hiyo, unawaambia watu wote watoke mjini katika saa moja. Ndiyo maana msongamano wa jioni mara nyingi unakuwa mkali kuliko wa asubuhi. Usalama wa barabara za usiku, taa, na doria ni sehemu ya usafiri kama vile lami ilivyo. Mfanyakazi anayejua kwamba anaweza kurudi saa mbili ya usiku bila hofu hatapigania basi la saa kumi na moja.

Kisha kuna swali la kwa nini tunaenda mjini. Anayepoteza saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku 22 za kazi, amepoteza saa 88 kwa mwezi, sawa na siku 11 za kazi za saa nane. Wengi kati ya waliokaa naye katika basi hawaendi hata kufanya kazi huko. Wanaenda kutafuta karatasi yenye muhuri, kulipa kodi, kupanga mstari wa mshahara benkini. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwanzoni mwa 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa AFC/M23, watu hawakuendelea kwenda mjini kwa mazoea. Walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta pesa zao, au waliwaendea wenye biashara ya pesa kwa simu katika kata zao. Lilikuwa jambo la uchungu na la hasara, na hakuna wa kulisifu. Lakini lilionyesha kwamba mwendo wa watu unafuata mahali huduma ilipo. Biro ya kodi ikiwekwa Ndosho, au dirisha la karatasi za raia likiwekwa Bagira lenye uwezo wa kutia muhuri wenyewe bila kupeleka faili Ibanda, kuna abiria ambao hawatapanda basi kesho.

Haya yote yanahitaji watu wanne wakae meza moja: meya, polisi wa barabarani, wizara ya mkoa inayohusika na usafiri, na vyama vya madereva. Kwa kawaida wanakutana mafuta yanapopanda, ili kupanga bei mpya za safari. Karatasi ya bei hutolewa, inabandikwa, na huonyesha bei kutoka mahali pa kwanza hadi pa mwisho. Mkutano unaofuata ungeweza kuanza na swali la nani atahakikisha kwamba basi linafika kweli mahali hapo pa mwisho, na dereva atalipwaje siku ambayo barabara imemnyima safari nne.